CMA kwa aliyeamriwa kurudi ofisini: huduma ya bure yenye mitego yake

Barua pepe yenyewe huwa fupi. Kuanzia tarehe fulani wafanyakazi wote wafike ofisini siku tano kwa wiki, utaratibu wa kufanyia kazi nyumbani umesitishwa, ahsanteni kwa ushirikiano. Chini kuna jina la meneja rasilimali watu, basi. Aliyehamia Morogoro kwa sababu kodi ya Sinza ilimshinda, au aliyepanga malezi ya mtoto kwa kutegemea ratiba ya nyumbani, anabaki anajiuliza kama kuna pa kulalamika.

Pa kulalamika papo. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu huiita CMA. Iliundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 na haitozi ada ya kufungua shauri. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu, ya mtu aliyeondolewa kwenye kazi ya nyumbani, na hukumu yetu tunaitanguliza. Ukienda kwa matarajio kwamba tume itamwamuru mwajiri akuache nyumbani, nyota mbili kati ya tano, tena kwa huruma. Ukienda ili mwajiri alazimike kukaa mezani, aeleze sababu zake, akupe muda au gharama za kuhama, au alipe kwa kukufukuza kiholela, nyota nne. Nani anapata mbili na nani anapata nne huamuliwa zaidi na mlalamikaji mwenyewe: namna alivyojaza fomu, siku alizozipoteza, na alichokifanya wiki ile ya kwanza.

Kwanza, sheria inakupa nini

Hakuna kifungu katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinachompa mfanyakazi haki ya kufanyia kazi nyumbani. Anayekuambia kipo, mwombe namba yake. Kilichopo ni kifungu cha 15. (Namba tunazotaja ni za sheria ilivyotungwa. Toleo lililofanyiwa urekebu linaweza kupanga namba kwa namna nyingine, kwa hiyo linganisha kabla ya kunukuu popote.) Kifungu hicho kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali pa kazi ni mojawapo ya maelezo hayo. Kisha kifungu kidogo cha 4 kinasema lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ayarekebishe maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, na amjulishe mabadiliko kwa maandishi.

Shika neno hilo, kushauriana. Mwajiri halazimiki kukuomba ruhusa kwa kila jambo, lakini tangazo la mistari minne lililotumwa kwa watu themanini kwa mpigo ni vigumu kuliita mashauriano. Hapo ndipo shauri la namna hii linaposimama au kuanguka.

Kabla hujafikiria tume, fungua mkataba wako utafute sentensi inayotaja mahali pa kazi. Ikiwa imeandikwa kwamba utafanyia kazi nyumbani, au kwamba kituo chako ni Arusha wakati ofisi iko Dar es Salaam, una shauri lenye nguvu, kwa sababu hilo ni sharti mlilokubaliana na mwajiri amelibadili peke yake. Ikiwa mkataba umekaa kimya, au hukupewa mkataba wa maandishi kabisa, nafasi yako si mbaya kama wengi wanavyodhani: kifungu hichohicho cha 15 kinasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Hali ngumu ni ya tatu, nayo ndiyo ya wengi: mkataba unataja ofisi, kazi ya nyumbani ilianza 2020 kwa ajili ya korona au kwa ujumbe wa meneja kwenye WhatsApp, na ikaendelea tu. Hapo mwajiri atasema ulikuwa utaratibu wa muda. Akiongeza kwamba mkataba una maneno “au mahali pengine popote mwajiri atakapoelekeza”, usitegemee zaidi ya kudai muda wa kujipanga.

Kuna njia moja inayoweza kumwokoa hata mwenye mkataba dhaifu. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, na orodha ya misingi inayolindwa ina ujauzito, ulemavu na majukumu ya kifamilia. Amri ya kurudi ofisini inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumgusa mwenye ulemavu wa viungo au mzazi anayelea peke yake kwa namna isiyo sawa, hasa ikiwa wenzake wameruhusiwa kubaki nyumbani na yeye kakataliwa. Mama anayenyonyesha ana haki nyingine pembeni: mwajiri anapaswa kumruhusu kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ofisi ikiwa Posta na mtoto yuko Mbagala, saa mbili hizo haziwezi kutekelezeka, na hoja hiyo iandikwe kwenye barua ya kwanza kabisa.

Wiki ya kwanza

Makosa yanayoua mashauri haya ni mawili, na yote hufanyika kabla mtu hajafika tume.

La kwanza ni kugoma kimya kimya. Mtu anaendelea kufungua kompyuta nyumbani, anatuma ripoti zake kama kawaida, akiamini kwamba maadamu kazi inafanyika hakuna tatizo. Mwajiri anahesabu siku. Kanuni za utendaji bora, yaani Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinaweka utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu. Ulikuwa na mgogoro wa mahali pa kazi, sasa una shtaka la utoro, na mjadala umehama kutoka kosa la mwajiri kwenda kosa lako.

La pili ni kuacha kazi kwa hasira. Tutalirudia chini, kwa kuwa lina kanuni zake.

Njia salama ni kwenda ofisini huku ukipinga kwa maandishi. Barua iwe fupi, itumwe kwa barua pepe na nakala ya karatasi igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya namna hii yanatosha:

“Ndugu Meneja Rasilimali Watu, nimepokea taarifa ya tarehe 3 Machi inayonitaka nifike ofisini kila siku kuanzia tarehe 1 Aprili. Mahali pangu pa kazi, kwa makubaliano yetu, ni nyumbani. Sikushirikishwa katika mabadiliko haya. Nitafika ofisini kuanzia tarehe hiyo ili nisionekane nimekiuka maagizo, lakini kufika kwangu kusichukuliwe kuwa nimekubali. Naomba kikao cha mashauriano ndani ya siku saba, na naomba sababu za mabadiliko kwa maandishi.”

Usiongeze lawama. Barua hii itasomwa na msuluhishi baadaye, na kila neno la ukali humpa mwajiri hoja kwamba uhusiano umeharibika kwa upande wako. Ukishaituma, kusanya ushahidi: mkataba, hati za mishahara, ujumbe uliokuruhusu kubaki nyumbani, tathmini za utendaji za kipindi hicho, risiti za bando kama mwajiri alikuwa anarudisha hela. Ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila tume itataka kujua umetoka wapi na kama haukuchezewa. Chapa mazungumzo yote yenye tarehe na namba za simu, si picha moja ya sentensi inayokufaa, na simu yenyewe usiifute wala usiiuze. Usijitumie mafaili ya wateja wa kampuni kwenye barua pepe yako binafsi kwa kisingizio cha ushahidi. Hilo ni kosa jingine, na utakuwa umelitengeneza mwenyewe.

Fomu namba moja

Shauri linafunguliwa kwa fomu iitwayo CMA F.1. Inapatikana bure kwenye ofisi za tume. Ina kurasa chache na inaonekana rahisi, kiasi kwamba watu huijaza wamesimama kaunta. Hapo ndipo tunapoipunguzia huduma hii nusu nyota: fomu inayofanana na ya kuombea kitambulisho ndiyo msingi wa shauri lote, na hakuna kinachomwambia mjazaji hivyo. Mahakama zimeshasema mara nyingi kwamba wahusika wanafungwa na walichokiandika humo. Usichokidai kwenye fomu hutakipata mwishoni, hata ukikithibitisha vizuri namna gani.

Kipengele cha aina ya mgogoro kinataka uchague. Aliyeamriwa kurudi ofisini na bado yuko kazini achague uvunjaji wa mkataba, au utekelezaji wa sheria ya kazi kwa maana ya kifungu cha 15, na ubaguzi kama upo. Asichague kuachishwa kazi, maana hajaachishwa. Fomu ina Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa kazi peke yake. Watu huijaza kwa kudhani nafasi ikiachwa wazi fomu itarudishwa. Anayedai uvunjaji wa mkataba halafu akajaza Sehemu B anajichanganyia shauri, na kuna mashauri yaliyofuatwa hadi Mahakama Kuu yakaangukia hapohapo, baada ya miaka.

Kipengele cha matokeo unayoyataka kiandikwe kwa hesabu. “Haki itendeke” haimsaidii msuluhishi. Andika kwamba unaomba mahali pa kazi pabaki palivyo; kama haiwezekani, siku mbili ofisini na tatu nyumbani; kama nayo haiwezekani, miezi mitatu ya kujipanga pamoja na nauli ya kuhamisha familia na mizigo, kiasi fulani cha shilingi. Mpangilio huo wa ngazi kwa ngazi unampa msuluhishi mahali pa kuanzia mazungumzo.

Kipengele cha tarehe mgogoro ulipoanza ndicho cha hatari kuliko vyote. Kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine yote. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Je, mgogoro wa kurudi ofisini ulianza siku barua ilipotoka au siku amri ilipoanza kutumika? Wanasheria wanaweza kubishana hadi jioni. Wewe hesabu kutoka tarehe ya barua. Barua ikiwa ya tarehe 3 Machi, siku ya 60 ni tarehe 2 Mei. Lenga kufungua kabla ya katikati ya Aprili. Mazungumzo ya ndani na HR hayasimamishi saa hii, na waajiri wajanja wanajua. “Tutalijadili kwenye kikao cha menejimenti mwezi ujao” ni sentensi iliyokwisha kula siku 60 za watu wengi.

Ukichelewa hujafungiwa kabisa. Unaomba kuruhusiwa kufungua nje ya muda, kwa hati ya kiapo, na tume inaangalia umechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, shauri lako lina nguvu kiasi gani, na upande wa pili utaumia vipi. Kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. “Nilikuwa nasubiri majibu ya bosi” ni sababu dhaifu.

Fomu ikishajazwa, mpelekee mwajiri nakala kwanza, apokee kwa saini na muhuri, ndipo uipeleke tume pamoja na uthibitisho huo. Mapokezi wakikataa kusaini, andika jina la aliyekataa, saa na tarehe, kisha tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti.

Ofisi ipi? Hili ni swali ambalo kazi ya nyumbani imelifanya gumu. Kanuni ya 22 inasema shauri lisikilizwe na ofisi ya tume ya eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea, isipokuwa tume ielekeze vingine. Mfanyakazi yuko Moshi, barua imeandikiwa Dar es Salaam. Mwenye mkataba unaotaja Moshi kuwa mahali pa kazi ana hoja nzuri ya kufungua Moshi, maana huko ndiko sharti lilikovunjwa. Mwenye mkataba unaotaja Dar afungue Dar, hata kama nauli inauma. Pingamizi la eneo likikubaliwa baada ya miezi kadhaa, unaanza upya huku siku 60 zimekwisha kupita.

Chumba cha usuluhishi

Hapa ndipo tume inapostahili sifa. Usuluhishi una ukomo wa siku 30 tangu shauri lipelekwe, labda wahusika wakubaliane kuongeza. Kikao ni cha faragha. Yaliyosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi, kwa hiyo meneja anaweza kukiri kwamba barua ilikuwa ya haraka mno bila kuogopa. Msuluhishi huzungumza na wote, kisha mara nyingi humtoa mmoja nje azungumze na mwingine peke yake. Unaweza kwenda mwenyewe, na wakili, au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Kiswahili kinatosha; tangu marekebisho ya 2021 ndiyo lugha ya sheria na ya vyombo vya utoaji haki nchini, na tume ilikuwa ikiongea Kiswahili kabla ya hapo.

Kwa migogoro ya mahali pa kazi, hatua hii ina thamani kuliko zote zinazofuata. Mwamuzi, anayesikiliza shauri usuluhishi ukishindikana, atapima nani kavunja nini. Msuluhishi anaweza kuzaa mpangilio ambao hakuna sheria inayoulazimisha, kama siku mbili za nyumbani, kuanza kazi saa nne ili kukwepa foleni ya asubuhi, au miezi ya mpito hadi shule zifungwe. Mwajiri naye ana sababu za kusikiliza. Hataki wafanyakazi wengine kumi wajaze fomu ileile wiki ijayo.

Nenda na mambo matatu kichwani: unachokitaka, unachoweza kukubali, na gharama yako halisi ya kurudi ofisini kwa mwezi, ikiwa imeandikwa. Anayesema “nauli ni kubwa” hapewi kitu. Anayeonyesha kwamba kutoka Kibaha hadi Masaki na kurudi, kwa mabasi mawili kila upande, kunamla kiasi fulani kwa siku 22 za kazi, huwa anaulizwa swali la maana: tukikupa nusu yake? Mkikubaliana, hakikisha kinachoandikwa kina tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho au maneno kwamba hakina mwisho, na nini kitatokea meneja mwingine akija. Makubaliano ya “kwa sasa mfanyakazi aendelee” yana uhai mfupi kuliko bando la wiki.

Usikose kikao. Kifungu cha 87 kinampa msuluhishi uwezo wa kulifuta shauri mlalamikaji asipofika, na wa kuliamua mwajiri asipofika. Ukiumwa, peleka taarifa na cheti cha daktari kabla ya saa ya kikao.

Wakikufukuza, au ukiacha mwenyewe

Mambo yakifika hapa mchezo unabadilika, na saa inakuwa ya siku 30. Mwenye miezi isiyotimia sita kazini hana dai la kuachishwa isivyo halali. Kifungu cha 35 kimemtoa. Kwa wengine, kifungu cha 39 kinamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba kufukuza kulikuwa halali: kuwe na sababu ya msingi na utaratibu uliofuatwa. Utaratibu maana yake uchunguzi, hati ya mashtaka, na muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, ambao kanuni zinasema saa 48 kwa kawaida zinatosha. Amri ya kurudi ofisini iliyotolewa bila mashauriano huifanya sababu ya kukaidi iyumbe, ila haiifuti. Sheria ya 2004 iliweka fidia ya mishahara isiyopungua ya miezi 12, au kurudishwa kazini. Marekebisho ya baadaye yasomwe kabla hujaandika kiasi kwenye fomu.

Kuacha kazi kwa sababu mwajiri amekufanya usivumilie ni jambo ambalo sheria inalitambua, kifungu cha 36, kama aina ya kuachishwa. Mitandaoni linasifiwa kama njia ya mkato. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, hulipima kwa maswali magumu: je, ulikusudia kweli kuvunja uhusiano? Hali ilikuwa haivumiliki kwa macho ya mtu mwingine yeyote? Mwajiri ndiye aliyeisababisha? Ingeendelea? Kuacha kulikuwa njia pekee iliyobaki? La mwisho ndilo linalowaangusha wa kurudi ofisini. Kama hukuandika malalamiko, hukuomba kikao na hukufungua shauri la siku 60, huwezi kusema njia zilikwisha. Foleni ya Mbezi haivumiliki, tunakubali, lakini jiji zima linaivumilia na mwamuzi alikuja nayo asubuhi hiyo.

Mkataba wa muda maalumu una kanuni yake. Mahakama Kuu imerudia kwamba kanuni za kuachishwa isivyo halali haziendi moja kwa moja kwa mikataba hiyo. Anayekatishwa mkataba wa miaka miwili mwezi wa kumi na nne hudai uvunjaji wa mkataba, na kinachopimwa kwa kawaida ni mishahara ya miezi iliyobaki. Wafanyakazi wa miradi ya mashirika na wa kampuni changa za teknolojia wengi wako kundi hili bila kujijua, wanajaza Sehemu B, na kilichobaki tumeshakieleza.

Waajiri wengine hufunga kazi ya nyumbani kwa njia ya kupunguza wafanyakazi: asiyeweza kurudi, nafasi yake inafutwa. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara anapofikiria kupunguza, aweke wazi taarifa zote muhimu, na ashauriane kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Mtego uko kifungu cha 42: anayekataa kazi mbadala bila sababu ya maana anakikosa. Ukiambiwa “nafasi yako ipo ofisini, kama hutaki basi”, kataa kwa barua yenye sababu zinazopimika, usikatae kwa kunyamaza. Na kama uliajiriwa mji mwingine, angalia mkataba unasemaje kuhusu mahali ulipoajiriwa, kwa sababu kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi huko, na akulipe ya kujikimu hadi akusafirishe.

Wasiofaa kuja hapa

Watumishi wa umma wana njia yao. Tangu 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma inawataka wamalize rufaa za ndani ya utumishi kwanza. Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na vyombo vyake. CMA haivuki maji.

Anayefanya kazi kutoka Arusha kwa kampuni ya nje isiyo na ofisi, akaunti wala mali Tanzania, tunampa nyota moja. Anaweza kuambiwa kwanza kwamba yeye ni mkandarasi, na hapo sheria inamsaidia kuliko anavyodhani: kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa hata kigezo kimoja kipo, kama vile kupangiwa saa, kumtegemea kiuchumi huyo anayempa kazi, au kumfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Shida inakuja baada ya kushinda. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, haina pa kukamata.

Wasomaji wa Kenya wasichukue hesabu zetu. Sheria yao ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, ina sharti lilelile la kushauriana, lakini muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mishahara ya miezi 12 kwao ni kikomo cha juu cha fidia. Kwetu ilianza kama kikomo cha chini. Namba moja, pande mbili za mpaka, maana mbili.

Usuluhishi ukishindikana

Unapewa cheti cha kushindikana, unaomba shauri liende kwa mwamuzi, na kuanzia hapo ni kama mahakama ndogo: maelezo ya awali, viini vya mgogoro, mashahidi, maswali ya kudodosa. Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kusikiliza. Kumaliza kwenyewe hutegemea maahirisho. Gharama za upande wa pili hubebeshwi ukishindwa, isipokuwa shauri liwe la upuuzi au la kusumbua, na hilo ndilo linalomfanya mfanyakazi wa kawaida athubutu. Asiyeridhika ana wiki 6 tangu akabidhiwe tuzo kupeleka maombi ya marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri mwenye pesa huzitumia wiki hizo zote hadi siku ya mwisho, na mara nyingi huomba na utekelezaji usimamishwe. Kwa hiyo ukishinda, chukua nakala ya tuzo siku hiyohiyo, na anza kufuatilia tarehe mwajiri aliyoipokea yake, maana saa yake inaanzia hapo.